El Mariachi (1992): kosa la kumfananisha mtu linavyoibeba filamu ya dola 7,000

Mwandishi wa Raskazone aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Mimi na wenzangu watatu hapa Tanga tumeandika mswada wa filamu ya mapigano inayomhusu kijana anayefika mjini kutafuta kazi, akadhaniwa na genge la wafanya magendo kuwa ndiye mhasibu wao aliyetoroka na fedha. Tuna kamera moja, taa mbili na akiba isiyozidi shilingi milioni 6. Kwa sababu hiyo nimekuwa nikiirudia mara kwa mara El Mariachi, filamu ndefu ya kwanza ya Robert Rodriguez, ambayo kila anayezungumzia filamu za fedha chache huitolea mfano.

Nina maswali mawili. La kwanza, je, hizo dola 7,000 zinazotajwa ni za kweli, au ni maneno ya watangazaji? La pili ndilo linaloninyima usingizi. Juzi tuliwasomea majirani mswada wetu kibarazani, na kabla hatujafika ukurasa wa kumi, mama mmoja aliyekuwa akipepeta mchele akauliza bila hata kuinua macho kutoka kwenye ungo: "Sasa huyo kijana si aseme tu kuwa siye?" Hatukuwa na jibu. Katika mswada wetu kijana anafanana sura na mhasibu, na tulipanga mwigizaji mmoja aigize nafasi zote mbili. Katika El Mariachi hakuna anayefanana na mwenzake, wala sijawahi kujiuliza swali la yule mama nilipokuwa nikiitazama. Naomba mnisaidie kuelewa ni kwa nini.

Mzee Projekta alijibu:

Ndugu yangu, mama wa ungo amewafanyia kazi ambayo mhariri angewatoza fedha. Mpelekeeni hata kilo mbili za sukari.

Tatizo lenu ni kwamba mmeliweka kosa kwenye sura, na sura ni kitu ambacho watu hubishana nacho. Mtazamaji akiambiwa kuwa fulani anafanana na fulani, anaanza kupima pua na masikio badala ya kufuata kisa. Rodriguez hakuingia katika mtego huo. Azul ni mhalifu aliyetoka gerezani akimtafuta mshirika wake wa zamani, Moco, aliyemdhulumu fungu lake, na silaha zake amezificha ndani ya kasha la gitaa. Vijana wa Moco waliotumwa kumwinda hawamjui kwa sura. Wanachokijua ni kwamba mtu wanayemtafuta amevaa nguo nyeusi na amebeba kasha la gitaa. Siku hiyohiyo anaingia mjini mwanamuziki mwenye nguo nyeusi na kasha la gitaa, ambaye shida yake yote ni kupata baa ya kumpa nafasi ya kuimba. Yaani genge halijakosea hata kidogo kuhusu kile lilichoambiwa, na kosa limekaa ndani ya maelezo yenyewe kabla yule kijana hajakanyaga mji.

Sasa tazama swali la mama linavyojibiwa. Wale wanaomfukuza mwanamuziki hawakuja kumhoji, wamekuja kumuua, na yeye mwenyewe hajui anatuhumiwa nini, kwa hiyo hana cha kukanusha. Anapambana nao, na katika kujitetea anaua watu wanne. Hapo ndipo penye ufundi wa mswada ule, kwa maana kuanzia dakika hiyo kusema "siye mimi" hakumsaidii tena. Ameshafanya kile ambacho Azul angefanya. Alidhaniwa muuaji, akalazimika kuwa muuaji ili abaki hai, na sasa genge lina sababu halali, kwa hesabu zao, ya kumtafuta yeye kama yeye.

Halafu kuna kubadilishana makasha. Azul anaondoka baa na kasha lisilo lake bila kujua. Genge linamkamata barabarani, linafungua kasha, linakuta gitaa, linamwachia aende zake! Mtu waliyekuwa wakimtafuta wameshikana naye mikono kabisa, wakamwacha kwa sababu ya chombo cha mtu asiye na hatia. Unaona jinsi kitu kimoja cha mbao kinavyofanya kazi ambayo ninyi mnataka kuifanya kwa mwigizaji mmoja na vipodozi?

Naongeza jambo moja ambalo wengi hulipita. Moco ndiye anayemfahamu Azul kwa sura, na mwanamuziki anapoletwa mbele yake anatambua mara moja kuwa wamekamata mtu siye, akamwachia huru. Kosa limesahihishwa, lakini kisa hakiishi, kwa kuwa katikati ya mkanganyiko ule mwanamuziki na Domino, mwenye baa ambaye Moco anamtaka, wameshapendana. Swali la "huyu ni nani" limejibiwa, limebaki la wivu, na hilo halitatuliwi kwa kuonyesha kitambulisho.

Kinasa wa Harusini alijibu:

Mzee Projekta amemaliza upande wa kisa, nami nitajibu upande wa fedha, kwa kuwa kazi yangu ni kurekodi sauti na nimeichunguza filamu hiyo kwa masikio zaidi ya macho.

Dola zile 7,000 ni za kweli ukielewa zilinunua nini. Sehemu kubwa ilikwenda kwenye mikanda ya filamu ya milimita 16, kuisafisha maabara na kuihamishia kwenye video. Mishahara ilikuwa kama haipo. Rodriguez, aliyekuwa kijana wa miaka ishirini na ushei kutoka Texas, alipata dola 3,000 kwa kujitolea kufanyiwa majaribio ya dawa katika kituo cha utafiti mjini Austin, akakaa humo karibu mwezi mzima akiandika mswada. Mwenzake wa chumbani mle kituoni, Peter Marquardt, ndiye aliyeigiza nafasi ya Moco, ingawa Kihispania hakikuwa lugha yake. Mhusika mkuu ni Carlos Gallardo, rafiki yake na mtayarishaji mwenza, mwenyeji wa Ciudad Acuña, mji wa mpakani upande wa Meksiko ambako filamu ilipigwa. Hili la Gallardo kuwa mwenyeji liliwaokolea fedha nyingi: baa, hoteli, mitaa, basi na hata jela yenyewe walivipata kwa kufahamiana na watu. Inapendeza kujua kwamba kwanza Rodriguez aliorodhesha vitu walivyoweza kuvipata bure, ndipo akaandika kisa cha kuvitumia. Wengi wetu huandika kwanza helikopta, kisha tukaanza kulia kwamba hatuna mfadhili.

Kuhusu sauti. Kamera aliyoiazima ilikuwa ikinguruma, na haikuwa na uwezo wa kwenda sambamba na kinasa sauti. Kwa hiyo alipiga picha kwanza bila sauti, kisha akazima kamera, akasogeza kipaza sauti karibu na mdomo wa mwigizaji, na mwigizaji akayarudia maneno yaleyale kwenye kinasa cha kaseti. Wakati wa kuhariri akayabandika maneno juu ya midomo kwa mkono, kipande kwa kipande. Mahali ambapo midomo ilikataa kufuatana na sauti, alikata akaonyesha kitu kingine: mbwa, mtu anayesikiliza, mkono, kisha akarudi. Ukiitazama upya utagundua kwamba ile kasi ya kukata picha ambayo wahakiki waliisifu kama mtindo, mara nyingi ni kiraka kilichofunika tundu la sauti. Nami nilipolifahamu hilo niliitazama tena usiku kucha, mke wangu akaja kuzima televisheni.

Mapigano nayo yalikwenda hivyohivyo. Bunduki walizoazimwa hazikuwa zimetengenezwa kwa risasi baridi, zile za mlio mtupu, kwa hiyo zilipiga mara moja zikakwama. Akapiga picha ya mlio mmoja kutoka pembe kadhaa, akaunganisha, mtazamaji akaona bunduki inamwaga risasi mfululizo. Damu ilitiwa ndani ya kondomu, ikafichwa chini ya nguo. Kamera iliposogezwa, mpiga picha alikuwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu, kile cha wagonjwa, akisukumwa. Na karibu kila tendo lilipigwa mara moja tu, kwa kuwa mkanda uliorudiwa ni fedha iliyomwagwa. Ninyi mna kamera ya kidijitali, hivyo mkanda si tatizo lenu, ila nawasihi msirudie kila tendo mara kumi na tano kwa sababu tu ni bure. Muda wa waigizaji wasiolipwa si bure.

Jambo moja la tahadhari: silaha za kuigizia msizitoe barabarani kwa kushtukiza. Pamoja na kibali cha Bodi ya Filamu, zungumzeni na polisi na serikali ya mtaa mapema, majirani nao wajue siku na saa. Kisa cha mtu kudhaniwa jambazi kinapendeza kwenye kioo, si kwa mwigizaji wenu.

Hadija Mtazamaji alijibu:

Ndugu Kinasa amesema kweli, lakini ameishia njiani. Filamu iliyoonyeshwa kwenye majumba ya sinema si ya dola 7,000. Rodriguez aliikusudia kwa soko la mikanda ya video ya Kihispania, kama zoezi la kujifunza kazi. Baada ya kampuni ya Columbia kuinunua, iliihamishia kwenye mkanda wa milimita 35, ikaitengeneza upya sauti yake na kuitangaza, kwa gharama iliyozidi mara nyingi ile ya kuipiga. Ndipo ikapata tuzo ya watazamaji huko Sundance mwaka 1993, ikaingiza takriban dola milioni 2 Marekani, na mwaka 2011 ikawekwa katika hifadhi ya taifa ya filamu ya nchi hiyo. Nayasema haya ili kijana wetu wa Tanga asidhani kwamba milioni zake 6 zitamfikisha hadi kwenye pazia la sinema. Zitamfikisha kwenye filamu iliyokamilika, na hilo si dogo, lakini kuanzia hapo ni safari nyingine yenye nauli yake.

Pili, mimi siipendi filamu hiyo kama mnavyoipenda ninyi wanaume. Domino ndiye mtu mwenye akili kuliko wote mle ndani, na anauawa ili mwanamuziki apate hasira. Hata hivyo nakiri kuwa yeye ndiye aliyetoa jibu bora kuliko yote kwa swali la mama wa ungo. Kumbukeni pale bafuni: mwanamuziki yumo ndani ya beseni la kuogea, Domino amemwelekezea kisu cha kufungulia barua mahali ambapo mwanaume hapendi kuelekezewa kisu, anamwambia kama kweli yeye ni mwanamuziki basi na aimbe. Hamwulizi jina, hamwombi barua ya utambulisho. Naye anaimba, sauti ikitetemeka mwanzoni, na kisu kinashuka. Mtu alisema kuwa siye, ndugu mwandishi, na kazi yake ikamshuhudia.

Mwandishi wa Raskazone alijibu:

Nawashukuru sana, wazee wangu na dada Hadija. Nimewasomea wenzangu majibu yenu jana usiku, na tumekubaliana kumfuta yule pacha wa sura pamoja na fedha tulizotenga kwa ajili ya vipodozi.

Mmoja wetu ametoa wazo ambalo naliweka hapa mlichambue. Kijana wetu atakuwa fundi cherehani wa kutembea, wale wanaopita mitaani na cherehani ya mkono begani, wakiliza mkasi ili watu watoe nguo za kushona. Mhasibu wa genge atakuwa ametoroka na fedha ndani ya kasha la mbao la cherehani, lile lenye mfuniko wa duara na mshikio juu, na genge litatuma vijana wa kukodi kutoka nje ya mji wakiwa na maelezo hayo tu. Cherehani tunayo, ni ya marehemu bibi yake mwenzetu, na bado inashona. Wasiwasi wangu ni kwamba mafundi wa namna hiyo ni wengi mjini, na vijana wale watakamata kumi kabla ya kumfikia wetu.

Mzee Projekta alijibu:

Huo si wasiwasi, hizo ni dakika kumi za kwanza za filamu yenu. Waonyesheni wakimkamata wa kwanza, wakamwaga nyuzi na vifungo barabarani, wakamwachia. Wa pili vilevile. Kufikia wa tatu wameshachoka, wamekasirika, hawafungui tena kasha kabla ya kupiga. Huyo wa tatu ndiye wenu.

Na mkifika pale ambapo Domino alimwambia mwenzake aimbe, msimpe fundi wenu nafasi ya kujieleza hata kwa sentensi moja. Mwenye nyumba amtupie shati lililochanika bega, amshikie panga shingoni, fundi atunge uzi kwenye sindano huku vidole vikimtetemeka, akose tundu mara mbili, apate mara ya tatu. Kisha azungushe mkono wa cherehani. Ndugu Kinasa atawaambia wapi pa kuweka kipaza sauti.

Kinasa wa Harusini alijibu:

Chini ya meza, karibu na gurudumu, na simu ya kawaida inatosha. Rekodini mlio wa cherehani peke yake dakika tano, chumba kikiwa kimya na feni imezimwa. Mtauhitaji tena katika tendo la mwisho, pale mtakapoamua kama genge litamwachia fundi mkono wake wa kulia.