Spika mbili au tano? Sebule ni ya mita 4 kwa 5, na baba anasikia kwa sikio moja

Mwalimu wa Mamboleo:

Habari zenu wapenzi wa muziki. Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Mamboleo hapa Kisumu. Mwezi uliopita tumehamia nyumba yetu wenyewe baada ya miaka 11 ya kulipa kodi, na zamu yangu ya chama ikaangukia wakati huohuo. Nina shilingi 60,000 ambazo mke wangu amekubali ziende kwa muziki. Pesa kama hizi sitazipata tena karibuni, kwa hiyo nauliza kabla sijalipa.

Sebule ina upana wa mita 4 na urefu wa mita 5. Sakafu ni vigae vitupu, paa ni mabati, chini yake kuna silingi. Runinga iko ukuta wa mbele, na makochi yameegemea ukuta wa nyuma kwa sababu hakuna pengine pa kuyaweka.

Jumamosi niliingia duka moja mjini. Muuzaji akatukalisha katikati ya spika tano, wufa, ile spika ya mngurumo, ikiwa sakafuni, akaweka filamu ya vita. Helikopta ikatoka nyuma ya shingo yangu, ikapita karibu na sikio, ikaishia mbele. Wanangu wawili walinishika mikono tusitoke dukani. Kisha nikampa flashi yangu aweke benga. Hapo ndipo shida ilipoanza. Gitaa linaloongoza lilikuwa mbele na nyuma kwa wakati mmoja, na mwimbaji akawa kama anaimba ndani ya tangi la maji. Nikamwomba azime zile za nyuma na ya kati. Zilipobaki mbili za mbele, na zenyewe ni ndogo kama vikombe vya chai, wimbo ukakonda kabisa.

Na kuna jambo lingine. Baba yangu hutoka Siaya kila mwisho wa mwezi kuja kukaa nasi siku tatu nne. Ana sanduku la santuri za miaka ya 1970, benga na rumba, ambazo hazijapigwa tangu mashine yake ilipokufa. Nimemwahidi kuwa zitapigwa katika nyumba hii. Lakini aliugua miaka 6 iliyopita, na tangu hapo sikio lake la kushoto halisikii lolote. Na taarifa ya habari ikisomwa, kila baada ya dakika ananiuliza, "Amesema nini huyo?"

Kwa mtu kama huyo, stereo, yaani spika mbili, ina maana yoyote? Au saraundi, hizo tano za kumzunguka mtu, ndiyo itakayomsaidia? Watoto wamekwisha kuchagua. Mimi bado.

Fundi wa Kondele:

Mwalimu, hongera kwa nyumba. Nimetengeneza redio na amplifaya hapa Kondele miaka 22, na masanduku kama hilo ulilowekewa dukani yanafika mezani kwangu kila wiki.

Anza na swali hili: sauti mtakayosikiliza inatoka wapi? Saraundi ya kweli haitoki kwenye spika, inatoka kwenye rekodi. Filamu nyingi za DVD zina njia 6 zilizorekodiwa mbalimbali: mbele kushoto, kati, mbele kulia, mbili za pembeni nyuma, na ya sita ya mngurumo peke yake, ndiyo hiyo ".1" unayoiona kwenye 5.1. Wimbo wa flashi yako una njia mbili tu. Santuri ina mbili au moja. Ukiupitisha kwenye mashine ya spika tano, mashine inalazimika kubuni zile ambazo hazikuwepo: inachukua sauti ileile, inaichelewesha kidogo na kuitupa nyuma. Hilo ndilo tangi la maji ulilolisikia.

Na benga haipendi kufanyiwa hivyo. Gitaa na besi vinasemezana, kimoja kikimaliza sentensi kingine kinadakia. Rumba ya Kongo nayo ina magitaa matatu: la solo, la kati ambalo wenyewe huliita mi-solo, na lile la kuandamana. Kwenye rekodi nzuri ya stereo unayasikia kila moja na mahali pake, huyu kushoto, yule kulia, mwimbaji katikati ambapo hakuna spika yoyote. Kufumba macho na kuyahesabu ni raha ambayo sijaipata kwenye sanduku lolote la plastiki.

Kuhusu wati, usisome zilizoandikwa mbele ya katoni. Geuza mashine, soma kibao cha nyuma kinachosema inavuta wati ngapi za stima. Mashine inayovuta wati 60 ukutani haiwezi kutoa wati 5,000 kwenye spika, hata ingeandikwa kwa dhahabu. Tafuta neno RMS, yaani wati ambazo mashine inaweza kutoa mfululizo.

Angalia pia plagi za spika. Masanduku mengi yana plagi zake zenyewe na spika za ohmu 3 au 4 (ohmu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Siku amplifaya ikifa, spika hazifai mahali pengine. Amplifaya au risiva (amplifaya yenye redio ndani) ya kawaida inashika waya mtupu, na spika za ohmu 8 utazihamisha kutoka mashine hadi mashine maisha yako yote.

Mimi ningenunua spika mbili kubwa za mbao na risiva ya mtumba, zile wanazoita ex-UK, kwa kuwa za Uingereza zinakubali stima yetu ya volti 240. Iliyotoka Marekani au Japani ni ya volti 120 au 100, ukiichomeka ukutani bila transfoma umeiua. Na hakikisha nyuma kuna tundu lililoandikwa PHONO. Sindano ya santuri hutoa umeme mdogo mno, milivolti kama 5 hivi, yaani sehemu tano tu za elfu za volti, na bila tundu hilo utasikia sauti ya mbu. Sanduku la dukani uliloliona, nina hakika halina.

Mama Watatu, Nakuru:

Fundi nakuheshimu, lakini hapa naona unamvuta mwalimu upande wako. Mimi nina spika tano kwa miaka minne, niko Section 58, na siwezi kurudi kwenye mbili. Mpira ukichezwa, mashangilio yanakuwa pande zote na mtangazaji anabaki mbele. Filamu za Ijumaa ndizo zimewafanya vijana wangu wakae nyumbani.

Na mwalimu, kuhusu mzee: mama yangu ana miaka 78 na alikuwa anauliza kama baba yako. Kilichomsaidia ni spika ya kati, ile iliyo chini ya runinga. Maneno yote yanatoka pale, na ina sauti yake peke yake kwenye rimoti. Niliipandisha hatua nne juu ya zile nyingine, akaacha kuuliza. Hilo mbili haziwezi.

Nitakuambia na mabaya yake. Waya. Za nyuma zilipita chini ya zulia na kitinda mimba wangu akajikwaa, spika ikamwangukia mguuni. Nililipa fundi azipitishe juu ya silingi. Na wiki mbili za kwanza nilidhani nimetupa pesa, mpaka nilipochukua futi na kupima umbali wa kila spika hadi kochi, nikaandika kwenye menyu. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo spika iliyo karibu mita moja zaidi inawahi kwa milisekunde 3 hivi, na sikio linakimbilia ile iliyowahi. Nilipoingiza vipimo, chumba kizima kilitulia.

Makochi yako kuwa ukutani ndiyo naona ni tatizo. Ya kwangu yako mita moja na nusu mbele ya ukuta. Za nyuma zinataka kuwa kando yako na nyuma kidogo, zisikupulizie sikioni.

Msikilizaji wa Kakamega:

Mulembe nyote. Mimi nazungumzia radi tu, kwa sababu nimelia kwa ajili yake. Kile kifaa cha kukinga mashine stima inaporudi kwa nguvu, nunua, lakini hakizuii radi. Mawingu yakijikusanya alasiri, chomoa plagi, na uchomoe waya wa antena pia. Mimi nilichomoa plagi nikasahau antena. Risiva na runinga vilikwenda pamoja.

Na mvua ikipiga mabati hutasikia saraundi wala stereo. Pesa ya silingi nzuri ni pesa ya muziki.

Moja zaidi. Watu husema stereo ni ya muziki na si ya filamu. Alan Blumlein, mhandisi wa kampuni ya kurekodi ya EMI kule Uingereza aliyeiombea hataza mwaka 1931, tangu mwanzo alikuwa anafikiria sinema: sauti ya mwigizaji itoke pale anaposimama. Mwaka 1935 alipiga picha za majaribio za treni zikipita, sauti ikizifuata. Spika mbili zilizokaa vizuri si mkosi kwa filamu.

Mwalimu wa Mamboleo:

Nawashukuru sana. Dada wa Nakuru, habari ya mama yako imenigusa. Fundi, nakubali ya magitaa, mimi mwenyewe niliyasikia yakipotea. Ila hujanijibu kuhusu sikio. Kama gitaa moja liko kushoto na sikio la kushoto limekufa, si nitakuwa nimemnunulia mzee nusu ya wimbo?

Fundi wa Kondele:

Swali zuri, na niliruka kwa sababu nilitaka kwanza kulifikiria. Majira ya jioni nilijiziba sikio la kushoto kwa pamba na kidole, nikakaa mbele ya spika za karakana.

Besi haikupotea. Sauti nzito huzunguka kichwa, ndiyo maana wufa unaweza kuiweka kona yoyote. Kilichofifia ni sauti nyembamba za spika ya kushoto: gitaa la juu, kayamba, herufi s ya mwimbaji. Kichwa chenyewe kinazikinga. Nilipobonyeza kitufe cha MONO kwenye amplifaya ya zamani, zote zikarudi, kwa sababu kila spika sasa inabeba kila kitu. Hakuna mahali tena pa mtu kushoto na mtu kulia, lakini hakuna kinachopotea. Kwa mzee mahali pale palikwisha kuondoka, mwalimu. Mpe wimbo mzima.

Na kuna faida ambayo hukuitarajia. Santuri nyingi ndogo za benga za wakati ule, za mizunguko 45, zilirekodiwa mono. Ukizipiga kwa sindano ya stereo, sindano inasoma pia mtikisiko wa juu na chini ambao si wimbo, ni vumbi na mikwaruzo. Kitufe cha MONO hufuta sehemu kubwa ya huo. Zitasikika safi zaidi kwa mzee na kwako pia. Kwa hiyo ukienda kununua, tafuta PHONO na MONO. Si kila risiva ina vyote viwili.

Mkalishe mwisho wa kochi upande wa kushoto, sikio bovu likielekea ukutani, zima likielekea chumbani. Spika ziachane mita 2 hivi, zielekezwe kwenye makochi, zile spika ndogo za sauti nyembamba ziwe kimo cha masikio ya mtu aliyekaa. Tandika zulia juu ya vigae, la sivyo sauti itaruka kila upande.

Dada yangu wa Nakuru yuko sahihi kuhusu spika ya kati, nakubali. Risiva ya saraundi yenye Pro Logic huchukua kile kilicho sawa kushoto na kulia, ambacho mara nyingi ni maneno, na kukipeleka kati, hata kwa taarifa ya habari ya njia mbili. Nunua risiva yenye nafasi hiyo. Leo mbili, Desemba ya tatu, na za nyuma siku makochi yatakapopata pa kusogea.

Na lete ile mashine ya santuri nione. Usinunue nyingine kabla sijaifungua.

Mama Watatu, Nakuru:

Hapo tumeelewana, fundi. Mwalimu, usiache hiyo ya tatu ikapita Desemba.

Mwalimu wa Mamboleo:

Narudi na habari. Mashine ya baba haikuwa imekufa. Mkanda wake wa mpira ulikuwa umeyeyuka kama lami. Mkanda na sindano mpya vilinigharimu 4,500. Risiva ya mtumba yenye PHONO na MONO, 18,000, fundi alikuja nami na akaigeuza nyuma kabla hajatazama mbele. Spika mbili za mbao, 22,000. Zimebaki 15,500, nimempa mke wangu aziweke kwa ajili ya ile ya kati. Watoto walinuna siku mbili. Jana waliangalia filamu, na hawakutaja helikopta.

Baba alifika Ijumaa. Nilimkalisha mwisho wa kochi, kushoto, kama ulivyosema. Sikumwambia kuhusu kitufe. Nilianza na stereo, akasikiliza kwa adabu. Wimbo wa pili nikabonyeza MONO. Akainua kichwa na kuniambia jina la mpiga gitaa, kijiji alikotoka na mwaka aliomwona akipiga kwenye harusi. Mimi miaka yote hii sikuwa nimewahi kusikia habari ya harusi hiyo. Tulikaa mpaka saa tano usiku, na santuri ya nne ilipoisha aliamka akaigeuza mwenyewe.

Erokamano, fundi. Swali moja limebaki: ile ya tano inaruka mahali palepale kila mara, kabla tu ya besi kuingia. Ni mkwaruzo, au uzito wa sindano haujawekwa sawa? Naileta Jumatatu baada ya vipindi.