Mrejesho: jenereta ya upepo iliyokuwa ngumu kuzunguka

Jamani, niliuliza kwa nini jenereta niliyojiundia hapa Likoni hukwamakwama ukiizungusha kwa mkono, hata bila betri. Ahsanteni, mlisema kweli: sumaku zilikuwa zikivuta vyuma vya ndani ya koili (mizingo ya waya inayotoa umeme). Nimevitoa vyote. Bila chuma volti hushuka, kwa hiyo koili zote 9 nimezisuka upya, mizunguko mingi zaidi kwa waya mwembamba kidogo, ndipo nikazimwagia rezini, ile gundi ya majimaji inayoganda ikawa ngumu. Zimekaa katikati ya diski mbili za sumaku 12 kila moja, nafasi nyembamba mno.

Sasa kidole kimoja chatosha! Betri ya volti 12 ikianza kuchajiwa, jenereta huwa nzito kuzungusha tena, lakini uzito huo ndio unaogeuka umeme, haukwepeki. Waya mwembamba hupata moto haraka, nauchunga. Sumaku nimezipaka rangi kwa ajili ya chumvi ya bahari.