Doa la jua linacheza cheza kwenye darubini, tatizo ni stendi au hewa?

jua_kali70: Wakuu habari za mchana. Nina kadarubini kangu ka milimita 70, filta ya jua nimefunga mbele kabisa kabla hamjanigombeza, naangalia nikiwa juu ya nyumba kwenye zege, saa nane hivi. Kuna doa kubwa leo ila linahama hama tu, na ukingo wa jua unapiga mawimbi kama kanga kwenye kamba. Nikipiga picha kwa eksposha ya 1/30 ya sekunde doa linatoka kama wino uliomwagikiwa maji. Stendi nimeikaza mpaka imelia. Ninunue darubini kubwa au?

kipima_anga: Stendi haina kosa mkuu. Hilo zege limechomwa tangu asubuhi, hewa ya moto inapanda mbele ya lenzi na kupinda mwanga, ni yale yale mazigazi ya barabarani. Doa linahama mara kibao kwa sekunde halafu we unaacha kamera wazi 1/30, si inachora njia yote lilikopita! Weka 1/1000, mwanga upo wa kumwaga. Rekodi video ya fremu 1000, chukua mia zilizotulia uziunganishe kwa AutoStakkert, programu ya kompyuta ya bure.

Kubwa usinunue kwanza. Mchana vipande vya hewa iliyotulia vina upana wa sentimita chache tu, lenzi yako inabeba kimoja au viwili ndo maana doa linahama zima zima. Ya sentimita 25 inabeba vingi kwa mpigo, kila kimoja kinavutia kwake, hapo picha haichezi tena, inachemka, na eksposha fupi peke yake haiponyi.

bi_nyota: Ongezea: shuka kwenye majani, saa mbili na nusu asubuhi, ardhi haijapata moto. Big Bear, kituo cha kuangalia jua kule California, wamekijenga ziwani kabisa sababu maji hayapati moto haraka kama udongo. Ile darubini ya jua ya mita 4 ya Haleakala, Hawaii, ina kioo kinachojikunja kufuata hewa, 2020 walitoa picha ya jua inayoonyesha hadi vitu vidogo vya kilomita 30. Wewe na 70 yako mwisho ni kama kilomita 1,400, hewa ikikupenda.

jua_kali70: Nimeshuka leo asubuhi. Fremu za maana kama 80 tu, lakini weusi wa katikati na ule ukijivu wa pembeni vimeachana kabisa! Jirani kaniuliza kama napima kiwanja.