Msaada wakuu: nipeli ya mpira wa mvuke wa petroli imekatika kwenye Corolla 110

Kijana_wa_Tandika: Habari za leo wakuu. Nina Corolla 110, injini ya 5A, gari la siku nyingi ila halina usumbufu. Wiki hii fundi alikuwa anabadilisha betri, akaegemea lile kopo jeusi la plastiki chini ya boneti, lenye mipira inayoingia juu yake. Nipeli moja, kile kijibomba kifupi kinachochomekewa mpira, ikakatika usawa wa shina, kipande kikabaki ndani ya mpira. Akasema kidude hicho hakina kazi, akachomeka skrubu kwenye mpira, akakaza klipu, "nenda nalo bosi."

Gari linawaka na kutembea vizuri tu. Shida ni kwamba nikiwa kwenye foleni, AC inavuta harufu ya petroli mpaka watoto nyuma wanalalamika kichwa. Halafu jana sheli, kijana alipofungua mfuniko wa tenki ukatoa "fyuuuu" ndefu mpaka akaruka nyuma. Taa ya injini haijawaka. Je, kuna gundi ya kuunga nipeli, au nitafute kopo la mtumba kwenye maduka ya vipuri Gerezani?

Spana_Kumi: Mkuu, hiyo skrubu itoke leo hii hii. Huo mpira unatoka kwenye tenki, ndiyo maana unasikia fyuuu. Petroli ikipata joto inatoa mvuke, na mvuke huo unatakiwa uende kwenye kopo, ambalo ndani lina mkaa maalumu wa kuunyonya. Ukikanyaga mafuta, injini inauvuta kwa mpira mwingine na kuuchoma. Sasa wewe mvuke wa tenki umefungiwa, na mkaa wenye petroli umebaki na tundu wazi, pua na pua na injini ya moto. Harufu inatokea hapo.

Ngoma_Nzito: Ng'oa kopo lote tupa, mpira wa tenki uache wazi. Magari ya babu zetu hayakuwa na makorokoro hayo na yalifika Kigoma.

Spana_Kumi: @Ngoma_Nzito yalifika yakinuka. Wamarekani walilazimisha kitu hiki kwenye magari yao yote mapya tangu 1971, na Wajapani wakauza huko huko. Ukiacha mpira wazi chini ya boneti, mvuke unamwagika jirani na waya za plagi. Hapo hata mimi sipandi.

MamaGereji: Shikamooni wakubwa. Mdogo wangu, kuhusu gundi: supaglu sahau, mtikisiko na joto vitaiachia. Silikoni ya kuzibia gasketi ndiyo mbaya zaidi, ikikutana na petroli inavimba na kuwa kama uji. Wateja wananiletea kopo limepakwa silikoni hadi juu, na bado linanuka.

Nipeli ya shaba ndiyo inayokaa. Subiri injini ipoe kabisa, toa terminali hasi ya betri, fungua mfuniko wa tenki upumue, kisha toa kopo mezani. Sigara mbali, na pasi ya kuchomea plastiki isikaribie, maana kopo hilo limejaa mvuke hata likionekana kavu. Panua tundu la shina kwa tupa ya mviringo, kwa mkono. Drili hapana. Shika kopo tundu likitazama chini ili vumbi la plastiki lidondoke nje, likiingia ndani litaenda kukwamisha valvu ya kuvuta mvuke. Piga msasa nipeli na tundu, ingiza nipeli kwa gundi ya kuchanganya mbili, ile iliyoandikwa inahimili petroli, na uache hadi kesho yake. Gundi ni ya kuziba tu, anayeshikilia ni nipeli, kwa hiyo iingie kwa kubana.

Mpira nao badilisha. Omba wa mafuta, soma ubavuni uone SAE 30R7. Ukipewa mpira wa jiko la gesi au ule wa maji unaoonyesha ndani, rudisha.

Kijana_wa_Tandika: Asante sana dada. Lakini kama tenki lilizibwa, mbona gari halikuzima?

Spana_Kumi: Mfuniko una kivalvu cha kuingiza hewa pampu inapovuta mafuta. Kikichoka, ndipo gari linaanza kufa njiani bila sababu.

Mtu_wa_Gerezani: Kwa ushauri wangu chukua kopo la mtumba, halina bei ya kutisha. Litikise kwanza: likichezesha changarawe na unga mweusi ukidondoka, mkaa umevunjika, liache. Kagua nipeli zote kwa kucha, plastiki iliyokauka inaonyesha nyufa ndogo nyeupe shinani. Nenda na lako la zamani mkononi, maana ukisema tu "la Corolla" utapewa la aina nyingine na nipeli zitatofautiana unene.

Kijana_wa_Tandika: Skrubu nimeitoa, gari nimeliegesha nje. Kesho asubuhi naenda Gerezani na kopo langu. Kipande kilichobaki ndani ya mpira nakitoaje bila kuupasua?

MamaGereji: Usihangaike nacho. Kata mpira sentimita mbili nyuma ya kipande, na kama utakuwa mfupi weka mpya mzima. Ukishafunga, sheli mwambie kijana bomba likijikata lenyewe asiongeze hata tone, petroli ya maji ikifika kwenye mkaa utarudi tena Gerezani.