Mrejesho: bodi yangu ya FPGA imewaka

Wadau, niliuliza kama naweza kuprogramu bodi ya iCEstick, yenye FPGA (chipu ambayo saketi zake za ndani unazipanga mwenyewe), nikiwa huku Kondele, Kisumu, kwa kompyuta ya zamani na bando la kubahatisha. Mkanielekeza kwa Yosys na nextpnr, programu za bure za kazi hiyo. Imekubali!

Vivado, programu nyingine ya kupangia FPGA, isingenifaa hata ningekuwa na nafasi ya kuiweka: ni ya chipu za AMD, zile zilizokuwa za Xilinx, na yangu ni iCE40 ya Lattice.

Yosys inageuza Verilog, lugha ya kuelezea saketi, kuwa vijedwali vidogo vya mantiki. Nextpnr inaamua kila kimoja kikae wapi ndani ya chipu na nyaya zipite wapi. Icepack inafunga matokeo kuwa faili, iceprog inaisukuma kwenye bodi kwa USB. Kazi iliyotaka utulivu ni faili ya pini, inayosema kila ishara iko pini ipi ya chipu: saa ya MHz 12 iko pini 21, taa ya kwanza 99. Kaunta ya biti 24, inayohesabu mapigo ya saa hiyo, inafanya taa iwake na kuzimika mara moja kila sekunde 1.4 hivi.

Mkubwa uliyesema nisome ripoti ya nextpnr, shukrani. Chipu ina seli za mantiki 1,280 tu, na kaunta haijala hata sehemu ya ishirini.

Sasa naingia UART, njia ya kutuma data biti moja moja kwa waya. Mwenye mfano mfupi aushushe.