Nani hasa hutumia kozi za kujitibu mtandaoni, na huishia wapi?

Kibatari

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine habari zenu.

Kuna mpango wa kuweka mtandaoni kozi ya bure ya Kiswahili kwa watu wenye sonona na wasiwasi. Ina masomo 6 yanayofuata tiba ya utambuzi na tabia, yaani jinsi wazo, hisia na tendo vinavyovutana. Hakuna mshauri nasaha, mtu anasoma na kufanya mazoezi peke yake. Andiko la mradi linasema walengwa ni "vijana wa miaka 18 hadi 35 wenye dalili ndogo wasioweza kufika hospitali".

Shaka yangu iko kwenye hao walengwa. Kwingineko kozi hizi zilikokwisha kuwepo, wanaoingia ni nani hasa? Wanawake au wanaume, wenye dalili ndogo au waliokwisha kulemewa? Wangapi wanamaliza? Naomba majibu ya wanaoijua kazi hii, maana bajeti inakaribia kupitishwa na fungu kubwa limepewa video.

Shangazi_Takwimu

Kibatari, anza kwa kufuta "dalili ndogo". Hao ndio wachache kuingia.

Huduma yenye hesabu ndefu ni MindSpot, kliniki ya mtandaoni ya Australia. Kati ya 2013 na 2019 dodoso lake la awali lilianzwa kujazwa zaidi ya mara 120,000. Karibu asilimia 73 ya waliojaza walikuwa wanawake, na wastani wa umri ulikuwa karibu miaka 36. Kwa hiyo sehemu kubwa ya watu wa aina hiyo wangeachwa nje na kikomo chako cha 35. Na wengi hawakufika na huzuni ya juzi. Ukifikiri, ni jambo la kawaida: mwenye mawazo ya siku mbili hatafuti tiba saa nane usiku, anayeitafuta ni yule aliyekwisha kuvumilia muda mrefu.

Kuhusu kumaliza, tenganisha waliofungua, walioanza somo la kwanza na waliofika mwisho. Uchambuzi wa mwaka 2019 wa programu 93 za simu za afya ya akili uliona kwamba siku 30 baada ya kupakua, programu ya katikati ya orodha ilikuwa imebaki na asilimia 3.3 tu ya watu wake. Wakipakua 1,000, mwezi ukiisha unao 33. Wafadhili wengi huoneshwa ile 1,000.

Kosa jingine ni kuchukua takwimu za majaribio ya utafiti ukadhani ndivyo watu wa kawaida watakavyofanya. Kwenye jaribio mtu amechaguliwa, ametia saini na anapigiwa simu. Na hata hivyo haitoshi. Uingereza mwaka 2015 wagonjwa 691 wa sonona waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walipewa kozi ya kompyuta iitwayo MoodGYM, wengine nyingine iitwayo Beating the Blues, wengine huduma ya kawaida ya daktari peke yake. Kozi hazikuongeza nafuu juu ya ile ya daktari. Walipigiwa simu kila wiki, lakini simu zile zilikuwa za kusaidia mambo ya kompyuta, na wengi waliishia somo la 1 au la 2.

Usikate tamaa lakini. Mwaka 2017 zilikusanywa data za watu 3,876 kutoka majaribio 13 ya kozi zisizo na msaidizi. Nafuu ilikuwepo, ndogo lakini ya kweli, na aliyesonga mbele zaidi kwenye masomo alipona zaidi. Jinsia, umri na elimu havikutabiri nani atafaidika. Hapo ndipo jibu la swali lako lilipo: umri na jinsia vinakuonesha nani atabisha hodi, havikuoneshi nani atapata nafuu. Hilo linaendana zaidi na masomo mangapi ameyafanya.

Daftari_Jeusi

Naongezea pale Shangazi alipoachia. Andiko lako linasema hakuna mtu nyuma ya kozi. Badilisheni hapo kabla ya kitu kingine chochote.

Mfano ulio karibu na mazingira yetu kuliko Australia ni Lebanon. Shirika la Afya Duniani na wizara ya afya ya huko walijaribu Step-by-Step, kozi ya simu na kompyuta yenye vipindi 5, kwa Walebanoni na kwa wakimbizi wa Syria. Kipindi ni hadithi ya michoro ya mtu aliyelemewa, kisha zoezi. Nyuma yake kuna msaidizi asiye mtaalamu aliyepewa mafunzo, anayewasiliana na mtumiaji kwa simu au ujumbe dakika zisizozidi 15 kwa wiki. Sonona ilipungua kwenye makundi yote mawili. Kazi ya msaidizi si kutibu. Anauliza zoezi limeishia wapi, nini kilikwamisha, tupunguze wapi. Piga hesabu: msaidizi mwenye saa 20 za simu kwa wiki anabeba watu 80. Toa muda wa simu zisizopokelewa, panga 50.

Kama hela ya wasaidizi haipo kabisa, basi usijenge masomo 6 yanayotegemeana. Jenga moja linalojitosheleza. Kenya limejaribiwa hilo, matokeo yakachapishwa 2020: wanafunzi 103 wa sekondari walipewa kipindi kimoja tu cha kompyuta, kinachohusu imani kwamba mtu anaweza kubadilika, kushukuru na kuyatambua mambo unayoyathamini. Wiki mbili baadaye dalili za sonona zilikuwa zimepungua zaidi kuliko kwa waliopewa somo la mbinu za kujisomea. Angalia tu kwamba walikuwa shuleni, wamekaa mbele ya kompyuta, kuna mtu anawasimamia. Kitandani na simu ni habari nyingine.

Somo la kwanza likiwa la nadharia, umewapoteza. Weka upangaji wa shughuli. Mtumiaji anachagua jambo moja la dakika 10, anaandika siku na saa, anakadiria hali ya moyo kwa 0 hadi 10 kabla na baada. Panapoharibika ni hapa: mtu aliyelala wiki nzima huchagua "kufua nguo zote", anashindwa, anajiona ndiye tatizo na harudi tena. Kozi yenyewe imbane. Akiandika jambo kubwa, imuulize: robo yake ni ipi? Kufua mashati mawili. Basi, liandikwe hilo.

Mchana_Kweupe

Mimi naingilia kwenye video tu, hilo fungu kubwa.

Sauti ya dakika 10 iliyobanwa kwa kilobiti 32 kwa sekunde ni MB 2.4. Video ya dakika hizo hizo, hata ya ubora mdogo wa kilobiti 500, ni karibu MB 37. Kwa masomo 6 umemlia mtu MB 220 na zaidi, na bando la siku anaweka kwa ajili ya WhatsApp, si kwa ajili yako. Rekodi sauti, weka picha chache za kuchora, ruhusu kupakua mara moja na kusikiliza bila intaneti. Sauti pia inawafikia wasiosoma vizuri: kule kaskazini mwa Uganda wanawake wakimbizi wa Sudan Kusini walipata nafuu kwa kozi ya vikundi iliyoendeshwa kwa sauti zilizorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba, vipindi 5 vya saa 2.

Ujumbe wa kukumbusha: Kiswahili kinaingia herufi 160 kwa SMS moja. Ukiweka emoji moja tu au alama za kunukuu zilizopinda (ukinakili kutoka Word zinakuja zenyewe), kikomo kinashuka hadi 70 na unalipia mara mbili au tatu.

Simu nyingi hazina mwenyewe mmoja. Mume, dada, mtoto, wote wanajua namba ya siri. Ujumbe usiandike "sonona" wala jina la kozi, uandike "Zoezi la leo liko tayari". Na usidai barua pepe kabla ya somo la kwanza, huo ni ukuta.

Na jina! "Afya ya akili" mitaani linasikika kama "kichaa". Watu husema mawazo mengi, moyo mzito, usingizi umekata. Mlango wa kozi uandikwe hivyo, hasa kama unawataka wanaume.

Kibatari

Nashukuru sana wote, Shangazi hasa. Swali la mwisho: tunatumia PHQ-9, dodoso la kupima ukali wa sonona. Aliyezidi alama fulani tumzuie asiingie?

Shangazi_Takwimu

Usimzuie, atadanganya majibu ili apite, au ataondoka bila chochote. PHQ-9 ina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila moja 0 hadi 3, jumla 27. Chini ya 10 aendelee. Kuanzia 10 apewe msaidizi mapema. Kuanzia 15 aendelee, lakini aambiwe waziwazi kwamba kozi peke yake haitoshi, na apewe jina la kituo cha wilaya yake.

Swali la 9 ndilo la kutazamwa peke yake, hata jumla ikiwa 4. Linauliza mawazo ya kufa au kujidhuru. Jibu lolote zaidi ya 0 lifungue ukurasa wenye namba ya kupiga palepale, kabla ya kumwonesha alama zake. Kenya kuna 1199 ya Msalaba Mwekundu. Tanzania 116 ni ya watoto, kwa watu wazima kubalianeni na hospitali kwa maandishi kabla ya kufungua. Kila Jumatatu mtu wenu azipige namba hizo moja moja ahakikishe zinapokelewa, na azipige usiku pia.