Kingamwili nyingi halafu ndo kaumwa zaidi, inakuaje?

Kibwana_T: Wakuu habari zenu, naomba kueleweshwa. 2021 mimi na kaka tuliugua Korona, mimi homa na kukohoa tu nikapona nyumbani, yeye kalazwa kawekewa oksijeni nusura tumpoteze. Baadae tukapima damu, kingamwili zake ziko juu mno zangu kiduchu. Sasa kama hizo ndo zinazopigana na kirusi mbona mwenye nyingi ndo alitaka kufa??

nesi_wa_zamu: Pole sana kaka, mpe pole na mgonjwa. Wengi waliolazwa ndo huwa hivyo. Kingamwili hazitoki siku ya kwanza, kwa wengi zinaonekana ndani ya wiki moja mpaka mbili tangu dalili zianze, na kirusi kikiwa kingi kikakaa muda mrefu mwili nao unazidi kuzitengeneza, kwahiyo wingi wake umeletwa na kuumwa sana. Swali la maana ni je ziliwahi au zilichelewa, maana zikichelewa zinakuta mapafu yashavimba.

Mchaga Halisi: Ok dada, basi si wangemuwekea za mtu aliyepona?

nesi_wa_zamu: Walijaribu hiyo plazma (maji ya damu ya aliyepona, yenye kingamwili zake) Uingereza kwenye jaribio la RECOVERY, wagonjwa zaidi ya 11,000 waliolazwa, na baada ya siku 28 waliopewa na wasiopewa walikufa sawa, asilimia 24. Ila humohumo walijaribu kingamwili za maabara, wakapima kwanza nani anazo zake, wale ambao hawana kabisa vifo vikashuka toka asilimia 30 mpaka 24, wenye nazo tayari haikuwasaidia kitu. Kwangu mimi hilo ndo jibu lako Kibwana. Tatizo kirusi aina ya Omikroni kilivyoingia dawa zile zikaishiwa nguvu.

sele_maabara: Niongezee, kuna kingamwili mbaya pia. Utafiti wa 2020 uliwakuta mahututi 101 kati ya 987 wana kingamwili zinazozuia intaferoni za mwili wao wenyewe, yaani ile kinga ya mwanzo kabisa, na karibu wote walikuwa wanaume.

Kibwana_T: Duh asanteni sana. Kwahiyo mimi mwenye kidogo nikapime tena?

nesi_wa_zamu: Hapana usipoteze hela, hicho kipimo kinashuka chenyewe miezi ikipita na seli za kumbukumbu, zile zinazokijua kirusi, zinabaki. Kama nyumbani kuna mzee mwenye sukari au presha muulizieni chanjo kituoni.